Kalamu Chini ya Taji: Wanawake wa Kifalme na Ugomvi wa Dini katika Uingereza ya Karne ya 16

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi akitajiwa Uingereza ya karne ya 16, mara moja humkumbuka Shakespeare. Hakuna ubaya. Wengi wetu tumemfahamu kwa njia ya tafsiri za Mwalimu Nyerere, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Lakini Shakespeare alizaliwa mwaka 1564, wakati Malkia Elizabeth ameshakaa kitini miaka mitano na ushei. Kabla ya hapo kulikuwa na wanawake wa jumba la kifalme waliokuwa wakiandika, wakifasiri na kuchapisha vitabu, tena wakifanya hivyo huku shoka haliko mbali na shingo. Hao hawatajwi sana darasani. Wakitajwa, hutajwa kama wake za Mfalme Henry VIII: huyu aliachwa, yule alikatwa kichwa, mwingine alifia uzazi. Inakuwa kama orodha ya misiba, basi.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu. Kwanza, namna ugomvi wa dini ulivyowafungulia wanawake wa kifalme mlango mwembamba wa kushika kalamu. Pili, mbinu walizotumia kupita katika mlango huo bila kupoteza maisha, na wengine waliyapoteza. Tatu, namna maandishi ya watu wengine yalivyowachora, kiasi kwamba hadi leo likitajwa jina la Mary tunawaza damu, na likitajwa la Elizabeth tunawaza dhahabu. Hoja yetu ni kwamba picha hizo mbili ni kazi za sanaa kama zilivyo nyingine. Zina watunzi wake, wachapishaji wake na masilahi yake. Kwa hiyo mhakiki hana budi kuzihoji kama anavyohoji riwaya au tamthilia.

2.0 Usuli wa Ugomvi

Hatuwezi kuelewa maandishi haya pasipo kujua mazingira yaliyoyazaa. Henry VIII alimwoa Katherine wa Aragon, binti wa wafalme wa Hispania, mwaka 1509. Mtoto wao mmoja tu ndiye aliyekua, naye ni Mary, aliyezaliwa 1516. Mfalme alitaka mtoto wa kiume, na kisha akampenda Anne Boleyn. Papa alikataa kuibatilisha ndoa ya kwanza. Henry akajitoa: mwaka 1533 alimwoa Anne, na mwaka 1534 Bunge likapitisha sheria ya kumtambua yeye kuwa mkuu wa Kanisa la Uingereza. Waliokataa kuapa, kama Thomas More na Askofu John Fisher, waliuawa 1535.

Sasa hapa tuwe waangalifu. Si kweli kwamba mageuzi ya dini Uingereza yalianza na kuisha kitandani kwa mfalme, kama wengine wanavyopenda kuyasimulia. Mafundisho ya Martin Luther yalikuwa yameshavuka bahari, na William Tyndale alikuwa ameshachapa Agano Jipya kwa Kiingereza mwaka 1526, huko ugenini. Anne Boleyn mwenyewe alikuwa na nakala ya toleo la 1534 la tafsiri hiyo, na nakala hiyo ipo hadi leo London katika Maktaba ya Uingereza. Yaani malkia alikuwa anamiliki kitabu ambacho mfasiri wake alikuwa anawindwa. Tyndale alinyongwa na mwili wake kuchomwa moto mwaka 1536. Mwaka huohuo, mwezi Mei, Anne naye alikatwa kichwa. Binti yake Elizabeth, ambaye hakuwa hata amefikisha miaka mitatu, akatangazwa kuwa mtoto wa nje ya ndoa, kama dada yake Mary alivyotangazwa kabla yake. Mabinti wawili, baba mmoja, mama mbalimbali, na kila mmoja uhalali wake ukitegemea dini ipi inashinda. Kama ndoa ya Katherine ilikuwa halali, Elizabeth hana haki. Kama Papa hana mamlaka, Mary hana haki. Kwa wanawake hawa suala la dini lilikuwa pia suala la jina la baba na uhai wao.

Jambo la pili la kuzingatia ni sheria ya mwaka 1543 kuhusu usomaji wa Biblia. Sheria hii iligawa watu kwa tabaka na kwa jinsia. Bwana mwenye cheo aliruhusiwa kuwasomea jamaa zake Biblia ya Kiingereza nyumbani. Mwanamke wa tabaka la juu aliruhusiwa kujisomea peke yake, asimsomee mtu mwingine. Mwanamke wa kawaida, pamoja na mafundi, vibarua na watumishi, hawakuruhusiwa kabisa. Tuitazame vizuri sheria hiyo. Hofu yake kubwa ni sauti ya mwanamke msomaji: ajue, lakini asifundishe. Hapo ndipo tunapopata kipimo cha ujasiri wa maandishi tutakayoyajadili.

3.0 Katherine Parr: Malkia Mchapishaji

Mwezi Julai mwaka huohuo wa 1543, Henry alimwoa mke wake wa sita na wa mwisho, Katherine Parr. Kwa kawaida anasimuliwa kama muuguzi wa mzee mgonjwa wa mguu. Kumbe huyu ndiye malkia wa kwanza wa Uingereza kuchapisha kitabu kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1544, Henry alipokwenda vitani Ufaransa, alimwachia Katherine mamlaka ya kuendesha nchi. Mwaka 1545 kikatoka kitabu chake cha sala na tafakuri, na jina la malkia likiwa limechapwa wazi.

Kitabu chenyewe kimeundwa zaidi kutokana na kazi ya Thomas à Kempis, mtawa wa karne ya 15. Msomaji wa leo anaweza kusema, "Ah, basi amenakili tu." Hapana. Tukilinganisha tunaona mkono wa mhariri. Matini ya asili ni mazungumzo baina ya Kristo na mtawa. Katherine aliichagua, akaipunguza, akaigeuza kuwa sauti ya nafsi moja inayosali, nafsi ambayo inaweza kuwa ya mtu yeyote, mwanamume au mwanamke. Utawa umeondoka, amebaki mwamini na Mungu wake. Hilo ni badiliko la kiitikadi, limefanywa bila kelele. Na kwa kuwa kitabu ni cha sala, nani atamkamata malkia kwa kosa la kusali?

Lakini hatari ilikuja. Mwaka 1546 kundi la wahafidhina katika baraza la mfalme, wakiongozwa na Askofu Stephen Gardiner na Wriothesley, waziri mkuu wa sheria, lilianza kuwasaka wafuasi wa mageuzi waliokuwa karibu na malkia. Mwanamke mmoja, Anne Askew, alikamatwa na kuteswa katika Mnara wa London ili awataje mabibi wa jumba la malkia wanaomuunga mkono. Hakuwataja. Alivunjwa viungo hata ikabidi abebwe kwenye kiti hadi Smithfield, alikochomwa moto tarehe 16 Julai 1546. Aliacha maelezo yake mwenyewe ya namna alivyohojiwa, na John Bale akayachapa nje ya nchi, akichomeka maoni yake karibu kila baada ya aya. Msomaji makini atagundua kwamba Askew na Bale hawasemi kwa sauti moja: yeye anajibu kwa ufupi, kwa maswali na hata kwa kimya; Bale anapiga makelele. Mwanamke amekufa, mwanamume anamfafanua. Tutaliona tena jambo hili mbele.

Malkia mwenyewe alinusurika. Kisa hiki kinasimuliwa na John Foxe, ambaye tutamrudia. Katherine alikuwa na mazoea ya kujadiliana dini na mumewe. Siku moja mfalme akachukia, Gardiner akachochea, na hati ya mashtaka ikaandikwa. Malkia akapata habari. Akaenda kwa mfalme na kumweleza kwamba mwanamke yuko chini ya mwanamume, na kwamba alibishana naye ili tu kumsahaulisha maumivu ya mguu na kujifunza kutoka kwake. Henry akaridhika. Kesho yake Wriothesley alipokuja na askari kumkamata malkia bustanini, mfalme alimfukuza kwa matusi.

Wahakiki wengine wanaisoma hotuba hiyo kama ushahidi kwamba Katherine alikubali kuwa duni. Sisi tunaona tofauti. Mtu ambaye ameshachapisha kitabu, ameshatawala nchi kwa niaba ya mfalme, kisha anasema, "Mimi sijui kitu, nifundishe," huyo amevaa unyenyekevu kama vazi la kujikinga na mvua. Ushahidi ni kazi yake ya pili, maungamo ya mkosaji, iliyotoka Novemba 1547, miezi kumi baada ya Henry kufa. Humo anaeleza waziwazi fundisho la kuokolewa kwa imani na anamshambulia Papa kwa kumfananisha na Farao, huku Henry akiwa Musa. Dibaji iliandikwa na William Cecil, yuleyule aliyekuja kuwa mshauri mkuu wa Elizabeth. Alipokuwa hai Henry, maneno yale hayakuchapwa. Alipokufa, yakatoka. Kimya cha Katherine kilikuwa ni cha kusubiri.

4.0 Tafsiri: Mlango wa Uani

Katika enzi hiyo mwanamke alikatazwa kufundisha, lakini alisifiwa akiwa na elimu. Mhispania Juan Luis Vives aliandika kitabu kuhusu malezi ya mwanamke Mkristo, kilichotoka mwaka 1524, akamtabarukia Katherine wa Aragon, mamaye Mary. Vives anataka mwanamke asome, ila anyamaze mbele za watu. Sasa msomi asiyetakiwa kusema afanye nini? Afasiri. Mfasiri huonekana kama mtumishi wa maneno ya mwingine, kwa hiyo haonekani amevuka mpaka. Kumbe katika kuchagua kipi kifasiriwe, na neno lipi litumike, tayari amesema.

Mfano wa kwanza ni Elizabeth. Mwishoni mwa mwaka 1544, akiwa na miaka 11, alimpelekea mama yake wa kambo Katherine Parr zawadi ya mwaka mpya: tafsiri ya Kiingereza ya utenzi wa kidini wa Marguerite wa Navarre, dada wa mfalme wa Ufaransa. Kitabu chenyewe kina jalada lililotariziwa, na kimehifadhiwa katika Maktaba ya Bodleian, Oxford. Tujiulize, kwa nini utenzi huo? Huko Paris wanateolojia wa Sorbonne walikuwa wameshautia katika vitabu vya kushukiwa mwaka 1533. Aidha, ni utenzi ambao nafsi inayosema inajiita binti, dada, mama na mke wa Mungu, tena mke asiye mwaminifu ambaye mumewe hamuui bali anamsamehe. Mtoto anayefasiri maneno hayo ni binti wa mwanamke aliyekatwa kichwa kwa tuhuma za uzinzi. Hatusemi kwamba Elizabeth alikusudia kumsuta baba yake. Tunachosema ni kwamba matini ikihama kutoka mikono ya mtu mmoja kwenda ya mwingine, hubeba mzigo mpya. Mwaka 1548 Bale aliichapa tafsiri hiyo, na binti mfalme akaingia rasmi katika orodha ya waandishi wa upande wa mageuzi.

Mwaka uliofuata zawadi hiyo, Elizabeth alifasiri kitabu cha sala cha Katherine Parr kwa Kilatini, Kifaransa na Kiitaliano, akampelekea Henry. Zawadi ya mtoto, siyo? Lakini angalia: anayefasiriwa ni mwanamke aliye hai, na lugha anayopelekwa ni Kilatini, lugha ya wanaume wasomi.

Mfano wa pili ni Mary, na huu unawashangaza wengi. Katherine Parr alidhamini mradi wa kufasiri kwa Kiingereza ufafanuzi wa Injili wa Erasmus. Mary, Mkatoliki thabiti, akapewa Injili ya Yohana. Alifanya sehemu kubwa, akaugua, na padri wake Francis Malet akaimalizia. Kitabu kilitoka Januari 1548, chini ya utawala wa kaka yao mdogo, Edward VI, ambaye serikali yake ilikuwa ya Kiprotestanti. Serikali hiyo ikaamuru kila parokia iwe na nakala. Matokeo yake ni kwamba kalamu ya Mary ilisaidia kueneza kanisa ambalo yeye alikuwa analipinga kwa kuendelea kusali misa katika nyumba yake. Huu ni mfano mzuri wa jambo ambalo nadharia za uhakiki hulisema kwa maneno mazito: mwandishi hana hatimiliki ya maana.

5.0 Jane Grey na Mary: Nani Anayesema?

Edward alikufa tarehe 6 Julai 1553, akiwa na miaka 15. Ili Mary asirithi na kuurudisha Ukatoliki, alikuwa ameandika urithi uende kwa binamu yake, Lady Jane Grey. Jane alitangazwa malkia tarehe 10 Julai, na tarehe 19 Mary akashinda. Jane akafungwa Mnarani, na baada ya uasi wa Thomas Wyatt, ambao wala hakuuandaa yeye, akakatwa kichwa tarehe 12 Februari 1554. Alikuwa na miaka 16 au 17.

Simulizi nyingi humfanya Jane kuwa mwana-kondoo mweupe, mpole, hana neno. Maandishi yake yanakataa picha hiyo. Mwalimu Roger Ascham alimkuta akisoma Plato kwa Kigiriki wakati jamaa zake wamekwenda kuwinda. Gerezani alibishana na padri John Feckenham, aliyetumwa na Mary kumgeuza, na katika maandishi ya mjadala huo yanayosalia binti huyu habembelezi: anauliza, anarudisha swali, anachagua neno. Alimwandikia mdogo wake barua katika kurasa tupu za Agano Jipya la Kigiriki, akimfundisha namna ya kufa. Tukumbuke sheria ya 1543: mwanamke asimsomee mwingine. Hapa mwanamke anafundisha, tena juu ya kitabu kilekile. Baada ya kifo chake Waprotestanti walichapa maandishi hayo haraka. Walimhitaji shahidi. Ndiyo maana ule ukali wake wa hoja ulififishwa, ukabaki uchungu wa kufa kwake.

Na Mary je? Yeye alikuwa mwanamke wa kwanza kutawazwa kuitawala Uingereza kwa haki yake mwenyewe. Hakukuwa na mfano wa kufuata. Mwezi Aprili 1554 Bunge lilibidi litunge sheria kusema kwamba mamlaka ya malkia ni sawa na ya mfalme. Tarehe 1 Februari mwaka huo, waasi wa Wyatt wakikaribia London, Mary alikwenda Guildhall akahutubia wananchi. Alisema kwamba siku ya kutawazwa alifunga ndoa na ufalme, na pete yake anayo kidoleni. Akasema hajui mama humpenda mwanawe kiasi gani, kwa kuwa hajazaa, lakini kama mtawala anaweza kuwapenda raia kama mama apendavyo, basi yeye anawapenda hivyo. Watu wakasimama naye, na uasi ukashindwa.

Msomaji wa historia atashtuka: pete, ndoa na ufalme, umama wa taifa! Si maneno ya Elizabeth hayo? Naam, mwaka 1559, kwa mujibu wa mwanahistoria William Camden, Elizabeth aliwaambia wabunge waliomtaka aolewe kwamba ameshaolewa na ufalme, akawaonyesha pete. Tamathali anayosifiwa nayo Elizabeth ilishatumiwa na dada yake miaka mitano kabla. Elizabeth alikalia kiti ambacho seremala wake alikuwa Mary. Na lingine la kustaajabisha: hotuba hiyo ya Guildhall tunaipata katika kitabu cha Foxe, adui mkubwa wa Mary.

6.0 Waliowachora

6.1 Knox na tarumbeta lake

Mwaka 1558 Mskoti John Knox, akiwa Geneva, alichapa kijitabu cha kupinga utawala wa wanawake. Alisema ni kinyume cha maumbile na cha amri ya Mungu. Aliowalenga ni watawala Wakatoliki, hasa Mary wa Uingereza na Mary wa Guise, aliyekuwa akiitawala Uskoti kwa niaba ya bintiye. Hakuandika "Wakatoliki wasitawale". Aliandika "wanawake wasitawale". Novemba mwaka huohuo Mary akafa, na Mprotestanti Elizabeth akashika taji. Knox akawa amekata tawi alilolikalia. Malkia mpya hakumsamehe, wala hakumruhusu kupita Uingereza akirudi kwao. John Aylmer, Mprotestanti mwenziwe, ilimbidi aandike kitabu cha kumjibu mwaka 1559, naye utetezi wake kwa mwanamke ulikuwa wa shingo upande: eti malkia si hatari kwa sababu Bunge lipo. Hata cheo cha Elizabeth kanisani kilibadilishwa. Baba yake aliitwa kichwa cha kanisa. Sheria ya 1559 ilimwita yeye gavana mkuu. Neno moja limebadilishwa, na ndani yake mmejaa wasiwasi wa jamii nzima juu ya mwanamke kuwa kichwa.

6.2 Foxe na moto wa Smithfield

Kati ya Februari 1555 na Novemba 1558, utawala wa Mary uliwachoma moto watu wapatao 280 kwa kosa la uzushi, na zaidi ya 50 kati yao walikuwa wanawake. Hili halina utetezi, na makala haya hayalitetei. Wengi walikuwa wafumaji, vibarua na wajane, watu wadogo kabisa.

John Foxe aliyakusanya mashahidi hayo na kuyachapa kwa Kiingereza mwaka 1563, katika kitabu kikubwa chenye picha za kuchonga. Mwaka 1571 viongozi wa kanisa waliagiza kiwekwe katika makanisa makuu. Kwa hiyo mtu asiyejua kusoma aliona picha, na anayejua alisoma visa. Foxe ni msanii hodari. Anaweka mazungumzo, anawapa mashahidi maneno ya mwisho, anapanga matukio hata Elizabeth, aliyefungwa Mnarani mwaka 1554, aonekane kama shujaa aliyeokolewa kwa mkono wa Mungu. Lakab ya "Mary wa damu" ilikuja kuenea katika karne ya 17, lakini udongo wake ulifinyangwa hapa.

Sasa tugeuze upande wa pili. Chini ya Elizabeth, hasa baada ya Papa Pius V kumtenga na kanisa mwaka 1570 na kuwaambia Wakatoliki wasimtii, mapadri na waumini wa Kikatoliki zaidi ya 150 waliuawa. Hawakuchomwa, wengi walinyongwa na kukatwa vipande. Baada ya uasi wa kaskazini wa 1569 walinyongwa mamia. Mwaka 1586 huko York, Margaret Clitherow, mke wa muuza nyama, alikandamizwa kwa mawe mazito hadi kufa kwa kuwa alikataa kujibu shtaka la kuwaficha mapadri. Serikali iliita kosa hilo uhaini, siyo uzushi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Tofauti kati ya malkia hawa wawili ipo: miaka mitano ya mmoja dhidi ya 44 ya mwingine si kitu kidogo. Lakini tofauti kubwa zaidi ni ya kifasihi. Elizabeth alipata Foxe, na akaishi muda mrefu wa kutosha kusomwa.

7.0 Malkia Wawili na Barua

Mgongano wa mwisho ni wa Elizabeth na binamu yake Mary, Malkia wa Uskoti, Mkatoliki. Huyu alikimbilia Uingereza mwaka 1568, akazuiliwa kwa takriban miaka 19. Kesi yake ni somo zuri la uhakiki wa matini, kwani kila mara aliandamwa na maandishi. Kwanza zilitolewa barua na mashairi ya Kifaransa yaliyodaiwa kukutwa katika kasha, ili kumhusisha na mauaji ya mumewe. Nakala za asili zilipotea na ubishi haujaisha. Kisha mwaka 1586 barua zake za siri, zilizopitishwa katika mapipa ya bia, zilinaswa na majasusi wa Elizabeth. Thomas Phelippes alifumbua maandishi ya siri, tena akaongeza kipande cha kughushi mwishoni mwa barua moja ili kupata majina ya wanaomuunga mkono. Fikiria, mwandishi anaandika na msomaji wake wa kwanza anamwongezea maneno!

Bunge lilipomtaka Elizabeth atie saini kifo cha binamu yake, aliwajibu Novemba 1586 kwa hotuba inayozunguka, akiwaomba wapokee jibu lisilo na jibu. Rasimu zenye masahihisho yake zipo, na hotuba ikachapwa ili dunia iisome. Hapa tunamwona mwanafunzi wa Katherine Parr: yule mama wa kambo alijificha nyuma ya unyenyekevu, huyu anajificha nyuma ya sarufi. Lakini safari hii mwenye shoka ni mwanamke. Mary wa Uskoti alikatwa kichwa tarehe 8 Februari 1587. Zaidi ya miaka mia mbili baadaye Mjerumani Friedrich Schiller aliandika tamthilia, mwaka 1800, ambamo malkia hao wanakutana uso kwa uso. Kihistoria hawakukutana hata siku moja. Walifahamiana kwa barua tu, na hilo pengine ni tamthilia kubwa zaidi.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba wanawake wa kifalme wa karne ya 16 hawakuwa nyasi tu zilizokanyagwa na tembo wapiganao. Walisali kwa chapa, walifasiri, walibishana na kuhutubia. Pia hatukutaka kuwafanya malaika. Walipopata mamlaka, nao waliwaua wanawake wenzao waliosali tofauti. Taji lilikuwa lilelile, na mantiki yake ilikuwa ileile: umoja wa nchi ni umoja wa dini, na anayepinga afe. Tabaka nalo lisisahaulike. Katherine Parr alinusurika kwa hotuba moja ya unyenyekevu; Anne Askew hakuwa na mfalme wa kumwendea.

Anayekwenda Westminster Abbey atakuta kaburi ambalo Mary na Elizabeth wamezikwa pamoja. James I alimweka Elizabeth hapo juu ya dada yake mwaka 1606. Maandishi ya Kilatini yanasema kwamba dada hao wawili walishiriki kiti cha enzi na sasa wanashiriki kaburi, wakingoja ufufuo. Maneno yanasawazisha. Lakini sanamu iliyolala juu ya kaburi ni moja tu, ya Elizabeth.

Mtazamaji anayepita haraka ataiona sanamu na kuondoka. Mhakiki hana haraka hiyo. Anainama, anasoma maandishi, na anauliza ni nani yuko chini.